Mpunga wa Mzimu

Vinh Thoi,
Machi 1998

Kwako Kaka Khoi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko milimani, wewe na shemeji Duyen, na kwamba mtoto kikohozi kimemwachia. Sisi huku tunaendelea. Baba magoti yanamsumbua asubuhi, ila bado hataki fimbo. Kahawa uliyotuma wakati wa Mwaka Mpya ilifika. Aliinywa bila kuuliza imetoka kwa nani, na ilipokwisha akaniuliza kama hakuna nyingine. Kwa hiyo ujue imempendeza.

Kaka, nina habari ndefu, nami nataka uisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Chumvi ya bahari mwaka huu imewahi. Mwaka Mpya haujapoa, maji ya mfereji yalikuwa tayari hayanyweki hata na bata. Shamba letu sasa limezungukwa na mabwawa ya kufugia kamba pande tatu. La mwisho kuchimbwa ni la Mzee Luc, na maji yake yanapenya chini ya tuta yanaingia kwetu. Wewe ulilisema hili tangu mwanzo, ukataka nasi tuchimbe bwawa. Nakumbuka Baba alivyokujibu, kwamba mtu atakayetia chumvi katika ardhi ya babu yake asile tena mezani kwake, na nakumbuka ulivyoondoka na begi moja.

Kazi yangu katika kituo cha utafiti wa mpunga unaifahamu kidogo tu, kwa sababu sijawahi kukueleza vizuri. Tumekuwa tukichanganya mpunga wa kulimwa na ule wa porini, ule tunaouita mpunga wa mzimu, kutafuta mbegu itakayovumilia udongo mchachu na chumvi. Nilipomwambia Baba mara ya kwanza alicheka hadi akakohoa. Maisha yake yote ameung'oa kama magugu, na sasa binti yake analipwa mshahara kuulea.

Lakini ni yeye aliyenipeleka kuutafuta. Msimu wa mafuriko alinipakia kwenye mtumbwi hadi kule kwenye bonde la maji, akanionyesha unavyovunwa. Unaenda jua halijachomoza, unayainamisha masuke juu ya mtumbwi na kuyapiga kwa kijiti taratibu, kwa kuwa jua likishawaka punje zote zinapukutikia majini. Huko ndiko yeye na Mama walikojificha walipokimbia mapigano. Aliniambia kwamba Mama alikuwa na mimba yako, na hawakuwa na chakula kingine ila huo mpunga na samaki wadogo. Sikuwa nimelisikia hilo kabla. Sijui kama wewe uliwahi kuambiwa.

Kuchanganya kwenyewe ni kazi ya macho na subira. Jioni unakata ncha ya ua la mpunga wa kulimwa, unavitoa kwa kibano vile vifuko vya chavua, unalifunika kwa karatasi. Kesho yake asubuhi unalikung'utia chavua ya ule wa porini. Watoto wa kwanza walimfuata mzazi wa porini kwa kila kitu: warefu, wenye nywele ndefu kwenye punje, na ukiwagusa wanapukutika. Tukawachanganya na mpunga wa kulimwa, tena na tena, kila msimu tukichagua na kutupa. Mwaka juzi tukapata mmoja unaoshika punje zake na usioogopa udongo mchachu. Kule juu ya mto, wakulima ambao mashamba yao yalikuwa hayatoi kitu wamevuna. Mama mmoja alinishika mkono akanipeleka kuona ghala lake.

Basi nikamletea Baba mfuko wa mbegu. Alizipanda katika yale majaruba mawili ya karibu na kaburi la Mama, akawa haondoki hapo. Mzee Luc alikuwa akisimama kwenye tuta lake na kumtania, "Bwana Tuoi, jana uling'oa, leo unabembeleza kama wajukuu." Baba akamjibu, "Angalau wangu hawana ndevu kama hao wadudu wako."

Chumvi ilipoingia, mpunga wote wa kijiji ulikauka kwenye ncha, wetu ukasimama. Kaka, nilianza kuamini. Ulitoa masuke. Baba akawa anapika chai kule kule shambani. Halafu masuke yakawa meupe. Siku niliyofika nilimkuta amechuchumaa, anayafikicha mkononi na kupuliza, na kila alipopuliza hakikubaki kitu. Mapepe matupu.

Tukarudi nyumbani. Akaketi, akatoa tumbaku, akaniambia, "Nhan, usinijibu kama mwanangu. Nijibu kama mtu wa kituo. Hii ardhi itatoa mpunga tena?"

Ningeweza kumwambia asubiri. Mbegu nyingine zipo, majaribio yapo. Lakini alikuwa ameniuliza kwa heshima, nami nikamjibu hivyo. Nikamwambia kwamba mpunga huu unaweza uchachu na chumvi kidogo, ila hii iliyopo kwetu hauiwezi, na kwamba mbegu itakayoiweza huenda ikapatikana akiwa hayupo, au isipatikane. Kwamba kwa macho yangu, shamba letu limeshakuwa la maji ya chumvi.

Alisokota sigara yake mpaka mwisho, polepole, wala hakuiwasha. Kisha akaniuliza bwawa la kamba linachimbwa kina gani. Nikasema sijui.

Akasema, "Khoi anajua."

Ndilo jina lako, Kaka. Tangu uondoke sijamsikia akilitamka mbele yangu. Nilikwenda jikoni nikajifanya naosha vyombo.

Kaburi la Mama haliwezi kubaki katikati ya maji. Baba ameshazungumza na mtu wa kuchagua siku, na siku ni tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu kwa kalenda yetu. Mifupa itahamishiwa kwenye kiwanja cha juu, nyuma ya nyumba. Unajua ni mwana wa kiume anayestahili kuibeba. Nilimuuliza nikuandikie nini. Akasema, "Mwandikie siku." Nikamuuliza kama ni hilo tu. Akasema mtu mzima akiambiwa siku ya mama yake, haongezewi neno.

Basi nimekuandikia siku.

Mimi nitarudi kituoni baadaye. Kule juu ya mto mashamba bado yanaokoleka, nao wananingoja.

Mpe shemeji mkono wangu, na mtoto mpakate kwa niaba ya shangazi yake ambaye hajamwona. Njooni wote watatu. Baba ametandika kile chumba cha upande wa mfereji, anasema ni kwa ajili ya kuanikia nyavu, lakini nyavu zote zingali nje.

Ni mimi mdogo wako,
Nhan