Koili Si Mtungi

Jumatatu, 3 Machi
Swichi ya sumaku ya kunyanyulia vyuma imeungua tena. Ya tatu! Koili yake, ule mzingo wa waya wa shaba, nimeisuka mimi. Miaka arobaini nasuka, haijarudi hata moja. Tajiri wa vyuma chakavu anasema Ijumaa ikiungua, kazi zake zote anampa fundi mwingine. Ampe!

Anayevuta swichi ni shemeji, kaka wa marehemu mke wangu. Nyusi moja imekwenda na moto. Eti, ulimchukua dada yangu, sasa unataka na macho? Nikamwambia sura hiyo moto umeipunguzia ubaya.

Jumanne, 4 Machi
Mkwe wangu, mke wa mwanangu, anafundisha umeme chuoni. Kaja na maneno ya chaki. Baba, koili inaweka akiba ya nguvu. Wapi? Si ndani ya shaba — kwenye uga wa sumaku, pale pembeni yake. Hewani! Kama jini! Ukikata umeme ghafla, akiba lazima itoke, ndiyo inayorukia swichi. Kaniachia kidude, dayodi, kinene kama kidole gumba. Nikifunge kwenye ncha mbili za koili, nguvu izunguke humo mpaka iishe.

Nimekitupa kwenye kopo la misumari. Koili ni waya, mwalimu. Si mtungi.

Jumatano, 5 Machi
Leo namkomesha. Betri ya pikipiki, volti kumi na mbili — naionja kwa ulimi mimi! Nikaifunga kwenye koili. Ncha mkono huu, ncha mkono huu, nikachomoa betri.

Umeme ukanirusha, nikajikuta nimekalia ndoo.

Mkwe akauliza, baba, vipi? Nimeteleza.

Alhamisi, 6 Machi
Kiwiko kinauma. Umeme wa koili ni mkokoteni wa saruji tu. Kuuondoa, jasho. Ukishakwenda, mjinga ndiye anayesimama mbele. Jasho lako halijapotea, limo kwenye mwendo. Nilijua zamani. Hakuna aliyeniuliza.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika chooni, uwanja wa vyuma. Wote wananingoja. Tajiri kauliza, mzee, umebadilisha nini? Nikasema mbele ya mkwe: sibadilishi kitu, fundi ni mimi! Kisha nikasingizia tumbo, nikakimbilia huku.

Kidude kimo mfukoni, bado sijakifunga. Nilikitoa koponi alfajiri.

Shemeji anapiga kelele, umezama humo? Nawasha! Mpumbavu yule, kavaa miwani ya jua ya dada yake ajikinge. Ile niliyomnunulia marehemu mimi.

Nimeita, ngoja! Anauliza, ningoje nini?