Mama, Njia ya Sokoni Sasa Inapitika

Mama,

Shikamoo. Ni mimi Bhoke, mke wa mwanao Chacha. Nimerudi kutoka sokoni kwa miguu bila kuogopa, nikaona nikwambie kabla sijabandika ugali.

Unaikumbuka njia yetu ya kushuka kutoka Nyamisangura. Tangu watu wamiminike Nyangoto kufuata dhahabu, pikipiki ziliifanya yao. Zinakuja na viroba vya mawe, zinatupigia honi mgongoni. Ulikuwa unanivuta upande wa ndani, mimi mtu mzima, unasema, "Pita huku, mwanangu. Mimi nimeshaishi." Halafu siku ile ukaruka kukwepa, ukaangukia mtaroni na ndizi zako. Ile nyonga... Mama, hiyo siwezi kuiandika.

Msiba wako ulipoisha, ukaitwa mkutano wa mtaa. Mwenyekiti akasema njia ipanuliwe, malori yafike kwenye karasha za kusaga mawe ya dhahabu. Wanaume wakaitikia. Unanijua, mbele ya wakwe hata salamu naitoa nikiangalia chini. Nikajikuta nimesimama, nikasema:

"Mama mkwe wangu aliumia njia hii mpaka akafa. Malori yakipita hapa, sisi tutapita wapi?"

Kisha Chacha wako, asiyependa maneno, akasema, "Mke wangu amesema kweli. Yule alikuwa mama yangu." Wanawake waliokaa nyuma wakasimama wote.

Njia haikupanuliwa; sasa kuna nguzo za zege huku na huku. Baiskeli inapenya, pikipiki yenye viroba inakwama. Vijana wa bodaboda walitununia, wakazoea. Mtaro umefunikwa. Kuna bomba la maji, na benchi pale kwenye mwinuko ulipokuwa unashika kiuno. Taa za sola nazo ziliwekwa, ingawa moja wameshaiba betri. Ndiyo watu wetu.

Leo Chacha alikuja kunipokea. Zamani alitangulia, mimi nyuma na mzigo. Leo tumekuja bega kwa bega, kikapu kashika yeye. Akaanza kunisimulia ulivyokuwa unambeba akiwa na homa, mpaka akashindwa kuendelea. Akalia, Mama. Mwanaume wa Kikurya, njiani, watu wanapita. Sikumwambia anyamaze. Nilimshika mkono tu, tukaenda polepole.

Pumzika kwa Bwana, Mama. Usiwaze juu yake. Nakuahidi, mwanao hatatembea peke yake.

Mwanao,
Bhoke