Siku za Mama Redioni

Jumatatu, 6 Machi 1972
Leo tena. Matangazo ya vifo yanasomwa, mama kainua kichwa kwenye mto kusikiliza — hayampiti hayo, hata akiwa na homa — mara redio ikakoroma, likatoka jitu, sauti yake ikamfunika msomaji: “Siku… siku… siku…” Kisha Kiingereza, kisha kimya.
Namjua. Mahfoudh, tunayepakana ukuta kwa ukuta, na mtambo wake wa kuongea na watu asiowajua huko duniani. Kasimika mlingoti juu ya paa, waya kaufunga kwenye mnazi wetu. Nani kampa ruhusa ya mnazi?

Jumatano, 8 Machi
Mama hali. Uji anaugusa kwa midomo tu, vidonge nimevikuta chini ya mto. Nikamkaripia — Mungu anisamehe — ndipo akasema. Kwamba wafu wakishatajwa, huja mwingine kumhesabia mgonjwa siku zake. Amemsikia kwa masikio yake. Kwa nini basi nimsumbue kwa uji?
Nikamwambia ni Mahfoudh yule. Akanicheka. Mahfoudh anamjua tangu hajaingia jandoni, sauti yake si ile.

Alhamisi, 9 Machi
Nimemwendea. Salamu nilimpa moja tu. Nikamwambia azime mtambo, anamuua mama yangu.
Jeuri mtu yule! Ati ana kibali chenye muhuri. Ati kosa si la mtambo, ni la redio yetu, inadaka mawimbi yasiyo yake. Redio yetu! Kainunua marehemu baba, haijapata kutuvunjia adabu.
Na hiyo “siku” je? Akacheka mpaka akashika mbavu. “Si siku, Bi Sihaba. Ni si-kyu, herufi mbili za Kiingereza. Ndivyo tunavyoitana wenye mitambo. Maana yake, yeyote anayenisikia, anijibu.”
Nikamwambia mama kamsikia, na jibu lake ni kuacha kula. Kicheko kikamkauka. Akasema atakuja kuirekebisha redio. Nikasema mguu wake hauingii kwangu, wala mimi baraza yake siikanyagi tena. Nimeapa.

Jumamosi, 11 Machi
Mguu umeingia. Ningefanyaje? Sasa hata maji mama anayageuzia uso.
Kaja na boksi la takataka zake. Kampa mama shikamoo ya heshima, hilo silifichi. Mimi na yeye tumenuniana. Waya wa antena akauzungusha kwenye kijiti cheusi alichokichomoa katika redio mbovu, mzunguko baada ya mzunguko, akaufunga kwa uzi. Waya mwingine akaufukia kwenye udongo wa majimaji, karibu na karo tunapooshea vyombo. Ati huo ndio wa kuteremsha uchafu ardhini. Uchafu wa nani?
Akarudi kwake, akaita mtamboni. Nilimsikia kupitia ukuta. Redioni, hakuna. Msomaji peke yake, safi kabisa.
Sikumshukuru. Mtu akuondolee mguu shingoni, halafu umwambie ahsante? Kahawa nilimpa. Kashata sikumpa.

Jumatatu, 13 Machi
Nilidhani mama ataomba chakula. Leo kasikiliza vifo mpaka mwisho, akangoja. Akaniuliza yule mwenye kuhesabu yuko wapi.
Nami, kwa furaha zangu: nimemnyamazisha, mama. Harudi tena.
Kisha akaniomba nimlaze ubavu wa kulia, uso uelekee kibla.
“Basi zimekwisha,” akasema. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, jikoni.

Jumanne, 14 Machi
Hafumbui macho. Nikimwita anaitikia kwa kidole.
Nimekifungua kile kijiti, ili mwenye kuhesabu apate kurudi. Waya wa karo nimeung'oa, kucha zimejaa tope. Redio iko vilevile kama zamani, nimeiwasha tangu adhuhuri. Vifo vimesomwa. Mama kaacha kupumua kwa nguvu ili asikie — nimeona. Hakuna kitu. Mahfoudh yupo, anakohoa nyuma ya ukuta, lakini mtambo kauzima. Leo ndiyo kajua adabu! Ananikomoa tu.
Buibui nimeshavaa. Nimefika mlangoni, nimerudi. Nimefika tena, nimerudi kuandika haya. Uji uko mezani, umepoa. Nilimwita muuaji mbele ya mlango wake, nikaapa. Sasa nitamwombaje mtu yule amwongezee mama yangu siku?