Usukani Uliomshusha Sekela

Isongole, 12 Mei 1955

Kwa mume wangu mdogo Lusubilo,

Salamu. Mimi mzima, goti tu linanisumbua kwa baridi ya huku milimani. Wewe je, unakula? Baba yako Anania mzima. Mkeo Sekela yuko kwa mama yake, anasubiri upate chumba huko Tunduma.

Sasa nikugombeze. Boazi amepita na ng'ombe wake, anasema umeng'oa usukani wa ile pikipiki uliyorudi nayo kutoka migodini, umeweka mwingine wa chini, umepinda kama pembe za kondoo. Eti ukiiendesha tumbo linalala juu ya tangi na matako yako juu, kama mbuzi anayekunywa mtoni. Mwanamume huketi! Rudisha ule wa kwanza.

Naandika mwenyewe, sikumpa mtu. Herufi mbaya, lakini zangu.

Mimi bibi yako, mkeo mkubwa


Tunduma, 29 Mei 1955

Mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Barua imefika na matusi yake yote, nimecheka mpaka fundi Fanueli akaniuliza kama naumwa. Pole na goti.

Bibi, Boazi anajua ng'ombe tu. Kwa usukani huu upepo unapita juu ya kichwa, haunipigi kifuani. Kwenye kona naulalia kidogo, chombo kinatii. Na unavyong'aa! Hata watu wa ng'ambo ya mpaka husimama kuutazama, "Mukwai, mukwai!" kama wanamwamkia chifu. Ule wa kwanza nimeshampa mtu.

Chumba nimepata. Mwisho wa Juni nakuja kumchukua Sekela. Nataka watu waone mke wangu anavyoondoka.

Mjukuu wako, mumeo


Tunduma, 3 Julai 1955

Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili tu.

Tulitoka vizuri kwa mama mkwe, Sekela nyuma yangu. Kwenye ile kona ya juu ya mto nikasikia mgongo umekuwa mwepesi. Nikasimama. Mke wangu yuko mtaroni, kifundo cha mguu kimevimba. Barabarani hakuna mtu wala mnyama. Namwuliza, "Umeanguka?" Anasema, "Nimeshuka." "Kwa nini?" Amefunika uso kwa kanga. "Hutaki Tunduma? Hunitaki mimi?" Analia tu. Nikamrudisha kwa mama yake, nikaondoka.

Bibi, mtu hashuki kwenye pikipiki inayokimbia kama anampenda anayeiendesha. Kama hanitaki, wazee wakae, tuachane. Sitamlazimisha.

Mjukuu wako


Isongole, 10 Julai 1955

Lusubilo,

U mzima? Usijibu. Huna akili ya kuwa mzima.

Nimekwenda kwa Sekela na goti langu hili hili. Nikamtoa mama yake nje, nikamwambia mtoto, "Kama kuna mtu huwezi kumtaja, nionyeshe kwa mkono." Akanyoosha mkono kuelekea nyumba ya mwanangu. Basi, nikajua.

Baba yako alikuwa anakuja! Anania, yuko katikati ya barabara, anatoka kwa seremala. Na mkaza mwana wa kwetu haonani uso kwa uso na baba mkwe, wala hamtaji. Hutoka njiani akajificha. Migodi imekusahaulisha hata hilo? Mchungaji ametuambia ya kale yamepita, lakini miguu ya Sekela haikumsubiri mchungaji. Naye Anania akaingia kwenye migomba, kama adabu inavyotaka. Ndiyo maana hukuona mtu. Wewe ulikuwa unatazama nini? Gurudumu lako la mbele!

Anasema alikugonga bega usimame. Wewe ukaongeza mwendo, ukadhani amefurahi. Mjinga.

Msichana ameumia kwa kumheshimu baba yako, nawe unasema hakupendi. Waache wazee wapumzike. Tafuta usukani wa kumwonyesha mtu anakokwenda, kisha uje umwombe radhi. La sivyo mimi mwenyewe nitamwambia asirudi kwako.

Bibi yako. Leo si mkeo.


Tunduma, 2 Agosti 1955

Bibi yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Goti limepona? Baba sikumwona, naapa. Nimeona aibu sana.

Fanueli alianza kunifungia usukani mrefu, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na askari. Mwendo mfupi tu vidole vikafa ganzi, na chombo kikawa kinayumba mbele. Tukautoa. Akasema, "Keti. Fumba macho. Nyoosha mikono kama unapokea kitu kwa mzee. Hapo hapo mikono ilipo, ndipo usukani uje." Amenifungia mpana, uliorudi kidogo kwangu, viwiko vimelegea. Waya za mafuta na breki zikawa fupi: nikikata kona zinavutika, mashine inanguruma yenyewe. Tukaweka ndefu.

Si mzuri, Bibi. Hakuna anayesimama kuutazama. Lakini mgongo hauumi, na naona mbali.

Nimemwandikia Sekela. Jumamosi ya tarehe 13 nakuja. Akikataa kupanda, nitaisukuma nikitembea naye mpaka Tunduma.

Mjukuu wako, kama bado unanitaka


Isongole, 21 Agosti 1955

Mume wangu,

Nakusalimu wewe pamoja na mke mwenzangu Sekela. Kifundo chake kinaendeleaje? Akikande kwa maji ya moto, na maji uchote wewe.

Baba yako amekuja kunisimulia kwa kuzungukazunguka, maana naye hamtaji mkwewe. "Mama," anasema, "pikipiki ilisimama mbali, ikazimwa. Kuna mtu alishuka polepole, akaenda nyuma ya jiwe. Nami nikapita nikitazama mlima. Lusubilo akaniamkia, ameketi wima kama mtu." Nikamwuliza, "Na wewe ulikuwa unakwenda wapi Jumamosi ile?" Akacheka. Hakuwa na safari. Alitaka tu kujua kama ataonekana.

Boazi anasema usukani wako mpya ni mbaya kuliko wote aliouona. Vizuri sana.

Sasa sikiliza. Krismasi uje unichukue nami, nikague hicho chumba na nione mke mwenzangu anavyokupikia. Usiniambie habari za goti. Na wala usiogope njiani: baba mkwe wangu alikufa wakati wa vita vya Mjerumani. Hakuna duniani wa kunishusha.

Mimi bibi yako, mkeo mkubwa