Msimamizi Alimnyima Mpwa Wetu Pointi, Sasa Anataka Kumpa Mwanangu Jina

Mpendwa Shangazi Vidosava, nakuandikia mikono ikinuka pilipili hoho za kuchoma, naomba msaada upesi kwa sababu Jumapili tunambatiza mwanetu na mpaka sasa sijui atatoka kanisani akiitwa nani.

Mume wangu Miodrag na msimamizi wetu Svetozar ni kama ndugu tangu jeshini, ndiye aliyesimamia ndoa yetu, na kama ilivyo huku kwetu Leskovac ndiye atakayemshika mtoto na kutamka jina alilolichagua mwenyewe huku sisi wazazi tumefunga midomo, sasa balaa ni kwamba Svetozar ni jaji wa ndondi, na mwezi uliopita Nenad, mpwa wa mume wangu, alipigana na kijana wa mji wa Pirot anayeitwa Siniša, pambano likabana mpaka kengele ya mwisho, jaji mmoja akampa Nenad, wa pili akampa Siniša, na wa tatu, Shangazi, wa tatu alikuwa msimamizi wetu, naye akampa Siniša! Miodrag akapanda juu ya kiti.

"Mwizi! Unakula kwangu halafu unampa pointi mtu wa Pirot?"

"Mpwa wako alikuwa anakumbatia, hapigi!" Svetozar akamjibu mbele ya ukumbi mzima. "Kama alitaka dansi mngesema, ningeleta kodiani!"

Tangu siku hiyo majirani wakija jioni kumenya pilipili, Miodrag anaigiza raundi ya mwisho jikoni, yeye Nenad, mimi Siniša mwenye mwiko, na lazima nishindwe, ila jana nilijisahau nikamtia mwiko wa tumbo akakalia beseni, majirani wakashangilia "Pointi!" naye akabisha eti nimegonga kiwiko, si tumbo. Na Svetozar ameleta salamu kwamba mtoto ataitwa Pravdoljub, yaani Mpenda Haki, ili baba yake akimwita kula amkumbuke yeye. Sisi tulitaka Luka! Miodrag anasema haombi radhi hata mtoto akikaa bila jina mpaka aoe. Na siri yangu, Shangazi, ni kwamba nilikuwa karibu na ulingo, niliona wazi Siniša ameshinda, lakini nami niliita mwizi, tena kwa sauti kumshinda Miodrag. Nifanyeje?

Mama wa Asiye na Jina, Leskovac

*

Mama wa Asiye na Jina, pole sana. Sasa nikugombeze.

Watu wa mji huu hugombana na majirani, na mashemeji, hata na padri, lakini msimamizi husubiriwa mpaka mtoto akaushwe maji! Ninyi mmemtukana kabla, tena mkiwa juu ya viti. Na pambano lenyewe sikuliona, wala usinitumie video, wasomaji wameshanitumia za mapambano yao za kutosha, na nikiamua wote wananitukana.

Kesho chukua ile chupa ya rakija, pombe kali ya matunda anayoificha mumeo, nenda kwa Svetozar, umwambie mbele ya mkewe kwamba ulimwita mwizi huku macho yako yameona Siniša ameshinda. Usiseme "lakini". Viwiko usivitaje kabisa. Kisha rudi umwambie Miodrag maneno hayohayo. Atavimba, ataita majirani, atataka kuigiza tena. Kataa. Weka mwiko chini, dada yangu, umeshaolewa, wewe ni mtu mzima.

Na wewe Miodrag, najua unasoma hapa kwa kuchungulia begani kwa mkeo. Sikulazimishi ukiri Siniša alishinda, hilo litakuua. Nenda tu ukamwambie Svetozar, "Msimamizi, njoo umshike mtoto wako." Alijua utamchukia na bado akaandika alichokiona. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kumkabidhi mwana, na moyoni unalijua hilo, ndiyo maana linakuuma.

Jina mwachieni. Huenda likawa Luka, huenda lisiwe. Jumapili padri akiuliza, atakayejibu ni Svetozar peke yake, nanyi wawili mtakuwa mmenyamaza kimya. Anzeni mazoezi leo.