Maelezo ya Mzee Futi kuhusu vibao viwili vya lundo la kokoto

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni tarehe 18 mwezi wa tatu, kuanzia saa nne na dakika kumi asubuhi.
Shahidi: mwanamume, umri miaka 54, kazini na mtaani anaitwa Mzee Futi.
Kazi: mpimaji wa malundo, machimbo ya kokoto, mwaka wa ishirini na tatu sasa.
Makazi: nyumba za wafanyakazi, mlango wa tatu, pamoja na mkewe, mama yake na mdogo wake.

Nimekuja kueleza habari za kokoto zilizopungua, ambazo zimefanya dereva wetu wa kijiko, ule mtambo wa kupakia, awekwe mahabusu hapa tangu juzi. Kokoto hizo hazijaibwa. Ziko palepale uwanjani.

Kazi yangu ni kumwambia meneja kila lundo lina mita ngapi za ujazo. Tunapanda na fimbo ya vipimo, tunashuka na futi ya utepe, watu wanne, siku mbili kwa lundo kubwa. Mwezi wa kwanza meneja alimwajiri mdogo wangu wa tumbo moja, aje na droni. Anairusha, inapiga picha lundo zima kutoka juu, kompyuta inakokotoa ujazo. Mara ya kwanza alitumia dakika kumi na nane. Nilizihesabu mwenyewe kwenye saa yangu. Wenzangu walimpigia makofi, hata wale wa futi.

Afisa ameniuliza kama nilikuwa na ugomvi naye. Hapana. Nilikuwa na wivu. Andika hivyohivyo, wivu.

Wakaanza kumwita Rubani. Mama akawaambia majirani, "Mwanangu anarusha ndege." Miaka ishirini na tatu sijamsikia akimwambia mtu kwamba mwanawe anapima. Ofisini kiti changu kilihamishiwa kwenye meza yake, nami nikawa naandika nimesimama. Asubuhi moja nilikuta mke wangu amemmiminia chai kwenye kikombe changu cha bluu. Nikauliza. Akasema, "Kikombe tu hicho, mbona umenuna?" Nilingoja mdogo wangu akosee. Si wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji? Basi hata mimi nilimsifu, tena mbele za watu, ili atie. Hakutia.

Mnamo tarehe 14, saa moja na nusu asubuhi, mdogo wangu alitandika vibao sita chini kulizunguka lundo la kokoto ndogo. Vina rangi nyeusi na nyeupe ili vionekane kwenye picha. Alipima kimo cha ardhi pale kilipo kila kibao, akaandika, kwa sababu kompyuta hutumia vibao hivyo kujua chini ni wapi. Hayo alinieleza yeye mwenyewe siku za mwanzo, kwa upole, kama mtu anayefundisha mkubwa wake bila kumwaibisha. Kisha akaenda kunywa chai.

Saa mbili kasorobo nilichukua vibao viwili vya upande wa uzio, nikavipandisha kwenye mteremko wa lundo, zaidi ya mita moja juu. Hakuna aliyeniona. Uwanja wote una kokoto zilezile, na kutoka juu kokoto ni kokoto. Kompyuta ingedhani pale juu ndipo chini, na lundo lingeonekana dogo. Saa mbili na robo droni ilikuwa imetua, watu wamemzunguka mdogo wangu. Nikavirudisha vibao mahali pake.

Jibu lilikuja mita 4,300. Daftari la mizani, linaloandika kokoto zinazoingia na kutoka, lilisema 5,200. Nilidhani watacheka, nipewe kiti changu, basi. Sikumfikiria dereva wa kijiko. Lakini mita 900 zilizopungua zilihesabiwa zimeibwa, na ndiye peke yake mwenye ufunguo wa kijiko siku za mapumziko, na tarehe 16 saa tano asubuhi mlikuja kumchukua. Aliniambia, "Mzee Futi, wewe unanijua." Nikamjibu namjua.

Siku hiyohiyo mdogo wangu alinifuata stoo. Alisema kompyuta imeonyesha alama nyekundu kwenye vibao viwili. "Kaka, ulipita pale asubuhi ile. Vilikuwa sawa?" Nikasema vilikuwa sawa. Akasema, "Basi ni mimi niliyeandika vibaya."

Akaenda kwa meneja, nami nikiwepo. Alisema, "Lipimwe upya kwa futi ya kaka. Futi yake ikikataa, droni yangu ndiyo imekosea."

Tarehe 17 tulipima tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, watu wanane. Ncha ya pili ya futi alishika mdogo wangu, kwa hiari yake. Tulipofika upande wa uzio alisema, "Kaka, andika unachokiona. Usinionee huruma." Tulipata mita 5,180. Meneja alinipa mkono. Akaniambia nije leo niseme mashine imekosea, dereva aachiwe, na mdogo wangu akabidhi vifaa Jumatatu. Kiti kilikuwa kimesharudishwa kwenye meza yangu. Nilikikalia kidogo. Sikupata raha niliyoitegemea.

Nikisema mashine imekosea, dereva atatoka, nami nitakuwa nimepata kila nilichokitaka. Lakini mashine haikukosea, wala mdogo wangu. Lundo hili nimelipima mara mbili, mara ya kwanza kwa kijicho.

Nikiulizwa kama kuna aliyenilazimisha kusema haya, najibu hapana. Mdogo wangu ndiye aliyenileta kwa pikipiki yake. Anadhani nimekuja kusema kosa ni lake, na njiani aliniomba radhi kwa kunisumbua.

Niliyoyatenda ni hayo, sina la kupunguza. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi kwa sauti, hakubadilisha neno. Saa tano na dakika ishirini nimemjulisha kwamba kuanzia sasa yeye si shahidi tena bali mtuhumiwa, akasema ameelewa. Dereva wa kijiko ameandaliwa karatasi za kuachiwa. Mwanamume aliyekuwa kwenye benchi nje, mwenye futi mkononi, aliuliza kama kaka yake amemaliza ili waondoke pamoja. Nilimwambia aingie, kaka yake ana neno la kumwambia kwanza.