Kibao cha Njia ya Nne

Jumatatu, 12 Agosti

Nimepewa fulana nyeupe, kofia na kibao! Mwalimu wa hesabu mzima, miaka ishirini na sita ya kula chaki, na kazi yangu kwenye michezo ya kanda ni kuhesabu mpaka kumi na tano. Tena kinyumenyume. Mwogeleaji akija kugeuka upande wangu, nachovya kibao majini aone zimebaki safari ngapi: 15, 13, 11... hadi 1. Akiiona 1, arudi, amalize. Basi. Mke wangu kauliza kama kulikuwa na mtihani wa kuingilia.

Jumatano, 14 Agosti

Mkono unakataa kuandika.

Fainali ya wasichana, mita mia nane. Kwenye njia yangu, binti wanayemwita Chuchunge, mwembamba kama samaki mwenyewe, miaka kumi na saba. Anaongoza – mwili mzima mbele! Kamera ya televisheni ikaja upande wetu. Nyumbani wote wanatazama. Nikavuta tumbo ndani, nikaweka kofia sawa, nikafunua namba bila kuangalia. Zile karatasi za plastiki zenye namba zilikuwa zimelowa, zimegandana. Zikafunuka mbili. Badala ya 3, nikamwonyesha 1.

Alichomoka kama mshale. Akagusa ukuta, akavua miwani, akainua mikono juu. Wenzake wakageuka, wakaendelea. Jukwaa zima likaangua kicheko. Alipoelewa na kujisukuma tena, alishakuwa wa tano.

Akasema aliona moja. Mwamuzi mkuu akaniuliza nilionyesha ngapi.

"Tatu," nikasema. Haraka, kama mwanafunzi aliyenakili.

Fundi cherehani, anayehesabu njia ya tano, akanipiga begani: watoto wa siku hizi, mwalimu, hesabu imewashinda. Wakacheka wote. Mimi nilicheka kuwashinda.

Alhamisi, 15 Agosti

Simu kutoka nyumbani. Wameniona! Shemeji kasema nimwambie yule aliyevuta tumbo apumue sasa, kamera imeondoka. Kisha mke wangu akauliza, kwani yule mtoto maskini alipatwa na nini? Presha tu, nikajibu. Uongo wa pili. Wa kwanza ulikuwa unaona upweke.

Mchana, kwenye foleni ya chakula, kocha wa binti alikuwa nyuma yangu. Anamtoa kwenye timu ya kupokezana. Asiyejua kuhesabu, alisema, hawezi kuachwa aaibishe wenzake watatu. Orodha inafungwa kesho saa tatu asubuhi. Nikampisha apite mbele yangu kwenye foleni. Huo ndio ushujaa wangu wote.

Darasani mimi husema: aliyekosea asimame, hakuna atakayemla. Na wanasimama! Watoto wa miaka kumi, magoti yanagongana, lakini wanasimama.

Ijumaa, 16 Agosti

Saa mbili na nusu. Niko kwenye benchi, nje ya chumba cha mwamuzi mkuu. Nimekuja na kibao chenyewe, kama mwizi anayejibebea ushahidi. Nitasema. Nimeshasema mara nne – moyoni.

Chuchunge kaja. Shikamoo, mwalimu. Kaketi kando yangu. Macho mekundu, nataka kuamini ni dawa ya bwawa. Ana barua mkononi. Kocha kamwambia aombe radhi kwa maandishi, kwa kumsingizia ofisa.

Ofisa ndiye mimi.

"Nisamehe, mwalimu. Niliapa kabisa ilikuwa moja. Sasa hata macho yangu siyaamini."

Nikamwambia, usijali, mwanangu.

Usijali! Eti mimi ndiye ninayesamehe!

Kaniomba kalamu aweke sahihi. Hii hii. Nikampa. Kanirudishia kwa mikono miwili.

Saa tatu kasoro dakika kumi. Mlango umefunguka. Mwamuzi anauliza, nani anaanza? Binti kavuta miguu yake nipate njia.

"Mwalimu atangulie," anasema. "Yeye ndiye mkubwa."